Mara ya Mwisho Kumsikia Akiongea

Voi, hospitalini, kwa benchi ile ile

Wifi yangu Mama Mghoi,

Sasa hapo kwa benchi ndipo nilikuwa nimefika simu ikikatika. Na kabla sijaendelea, hajakufa. Ndugu yako hajakufa, wifi, weka hiyo kwa moyo kwanza, halafu ukae chini usome hizi zingine. Najua jana ulisikia tu "Baba Wakesho wamemtoa kwa benchi mbio mbio," halafu kimya, chaji imeisha. Na vile nakujua, saa hiyo ulianza kufikiria nani ana sufuria kubwa za matanga. Achana na sufuria za watu.

Kwawuka mana, wifi? Mmeamkaje huko Mghange? Ukungu bado unaingia mpaka jikoni? Mguu wa Mama je, bado unavimba akikaa sana? Salamu nazitoa hapa juu kabisa, kwa sababu hapa nilipo nikiitwa naenda, sitangoja kumaliza. Msalimie mume wako, mwambie dawa ya kikohozi aliyoniagiza sijasahau. Msalimie Mghoi na mtoto wake mchanga. Msalimie mwalimu wa kwaya, na yule jirani yenu wa mizinga mwambie asali yake ilifika na tuliimaliza. Mama usimsalimie kwanza. Ukimpa salamu zangu atauliza zimekuja na nani, na maneno yatatoka.

Ndiyo maana sikupigi simu. Simu nimechajiwa na mlinzi, iko na moto, lakini yako haisikiki mpaka uweke sauti kubwa, na Mama akiwa jikoni anasikia kila kitu. Na presha yake hiyo, asikie ya mtoto wake kwa spika? Hapana. Nimeomba karatasi. Mama wa chai wa hapa getini atampa kondakta wa gari ya Mghange, anamjua. Isomee shambani. Halafu umwambie Mama polepole, wewe unajua njia yake. Na mwandiko uvumilie, mimi shule niliachia darasa la tatu, na hii biro ni ya sista, imefungwa kamba ndefu kama mbuzi ndio watu wasiibe.

Sasa nikwambie tangu mwanzo.

Jana asubuhi ndugu yako aliamka sawa. Akanywa chai, akala mahamri mawili, akaenda kufungua kibanda chake cha pancha hapo barabarani mbele ya nyumba. Mimi nikamfuata na mambo yangu, unanijua. Mama Zighe, yule jirani yangu nilikwambia mume wake ameenda Taveta na hatumi hata salamu, alikuwa ameletewa makochi mapya. Mapya, wifi! Ya rangi ya maziwa! Yako juu ya mkokoteni yanapita mbele yetu, na karatasi ya nailoni haijatolewa. Nikamwambia ndugu yako, "Sasa hayo makochi yametoka wapi, na mwenye nyumba yuko Taveta?" Yeye akaniangalia, akasema vile anasemanga siku zote.

"Wacha watu."

Hiyo tu. Wewe ndugu yako unamjua, amezaliwa mbele yako. Miaka ishirini na tatu nimekaa na yeye, nikiongea ananisikiliza, nikifika pahali patamu ananiambia "wacha watu." Kwetu walikuwa wanacheka siku ya mahari, wanasema huyu bwana harusi atatoa jibu kesho. Na wewe ulisema, usikatae, ulisema Mungu amempa Mwakio bibi wa kumuongelea.

Wifi, hayo maneno yako yananichoma saa hii. Si kwa ubaya. Yananichoma tu.

Basi nikarudi ndani kupika. Nikakaa. Nikasikia dereva wa pikapu ananiita huko nje, "Mama, kuja uongee na fundi wako, namwambia ajaze upepo ananiangalia tu!" Nikatoka nikicheka. Nikamkuta ameketi juu ya tairi, ameshika kichwa na mkono wa kushoto, spana imeanguka hapo chini. Nikamshika shingo, nikaona jasho. Nikasema hii ni malaria, maana wiki iliyopita mbu walikuwa wengi. Nikamuuliza, "Ni kichwa?" Akatingisha kichwa hivi. Nikamwambia, "Twende hospitali upimwe." Akasimama. Alijikwaa kidogo, nikasema ni zile malapa zake zimekwisha.

Kwa boda nilimweka katikati, mimi nyuma nimemshika. Na njia yote, wifi, njia yote mpaka hospitali, nammalizia ile hadithi ya makochi. Namwambia shingoni hapa: kumbe na godoro limekuja, la sita kwa sita, na kabati la vioo, na mwenye mkokoteni ni binamu ya fulani. Nikamaliza yote. Hakusema "wacha watu."

Na unajua mimi nilifanya nini? Nilifurahi. Nilijiambia, leo ameniacha nimalize.

Hebu nipumzike hapo kidogo.

Haya. Tukafika hapa kwa emajensi. Unaingia unakuta benchi refu, limejaa, na mbele kuna kimeza ambapo sista anakupima presha na joto kabla hujaona daktari. Huyo sista ndiye anasema nani aingie. Sista wa jana ni msichana mdogo, mweusi, amesuka nywele akazifunga nyuma, anaitwa Mwende. Mkamba wa huku Mtito. Umbo lake ukimwona sokoni utamuuliza mama yako yuko wapi. Ana stika mfukoni, nyekundu, ya manjano na ya kijani. Anakupima, anakuuliza, anakubandika hapa kifuani kama begi la safari.

Na mimi nilimchukia, wifi. Niseme ukweli. Kwa sababu hafuati laini! Tulikuwa tumepanga laini yetu vizuri kwa benchi, mimi mwenyewe ndio nilisimamia: wewe uko nyuma ya huyu, huyu nyuma ya yule mama wa Kasigau. Kulikuwa na jamaa amejikata kidole na panga, amekifunga na shati, analia kama ng'ombe. Sista Mwende akampita. Akampa kijani! Akaenda kumchukua mtoto alikuwa amelala tu kwa mgongo wa mama yake, hata halii, akambandika nyekundu, wakaingia ndani mbio. Nikasimama nikasema, "Sista, hii ni haki gani? Huyu kijana damu inamwagika, na huyo mtoto amekuja saa hii!" Benchi lote likaniunga mkono. Yule wa kidole akanipa "asante mama."

Sista akaniambia, "Mama, naomba ukae."

Nikakaa, nikawaambia wenzangu hawa wanaingiza watu wao. Watu wakacheka. Nikawapa na habari ya makochi.

Halafu akafika upande wetu. Na hapa wifi ndipo unisamehe, ama usinisamehe. Alisimama mbele ya ndugu yako akauliza, "Huyu mzee ana nini?" Nikamwambia, "Malaria tu, sista, anza na huyu mama wa Kasigau, ana miaka mingi. Sisi hatuna haraka."

Ni mdomo wangu huu. Sisi hatuna haraka. Nilitaka kuonyesha adabu, vile tumelelewa, mzee apite kwanza. Na sista akageuka kwa yule mama, akaanza kumfunga kile kitambaa cha presha mkononi.

Lakini akatazama nyuma. Sijui aliona nini. Baadaye aliniambia aliona ule mkono wa kulia, ulikuwa umeninginia pembeni ya benchi kama nguo, na mtu mwenye malaria hujikunja, haachi mkono hivyo. Mimi nilikuwa nimekaa upande huo huo na sikuuona. Akamwambia yule mama wa Kasigau "nisubiri kidogo, nyanya," akarudi.

"Mzee, jina lako nani?"

"Anaitwa Mwakio," nikasema.

"Nimeuliza yeye."

"Sista, huyu haongei. Ndivyo alivyo. Tangu tuoane mimi ndio spika yake." Watu wakacheka tena.

"Unasikia wapi uchungu, mzee?"

"Ni kichwa, kimemuanza asubuhi, na jasho, na..."

"Mama." Hakupiga kelele. Alinishika goti. "Nyamaza. Tafadhali. Naongea na huyu."

Benchi lote likanyamaza, na mimi nikanyamaza. Sijui kama nimewahi kunyamaza hivyo mbele ya watu. Na nilipofunga mdomo ndipo nikasikia. Ndugu yako alikuwa anajaribu. Alikuwa anatoa sauti chini chini, kama mtu ana ugali mdomoni, na mate yanashuka upande huu. Labda alikuwa anajaribu hata kwa boda. Labda alikuwa anajaribu tangu kwa tairi. Nilikuwa nimemfunika na kelele yangu.

Sista akamwambia, "Cheka kidogo nione." Akacheka upande mmoja tu, wifi. Upande mwingine ulibaki umekufa. "Inua mikono yote miwili." Wa kushoto ukaenda juu. Wa kulia haukujua kama umeitwa.

Hapo sista akabadilika. Alipiga ukelele mmoja tu kwa wale wa ndani, kitanda kikaja na magurudumu, stika nyekundu ikabandikwa, na yule wa kidole ndiye aliruka kwanza kutusaidia kumnyanyua. Na huku wanamsukuma, mimi nimeshika malapa zake mkononi, sista anakimbia kando yangu ananiuliza, "Lini ulimsikia akiongea mara ya mwisho?"

Nikamwambia, "Haongeanga."

"Mama, nisikilize. Neno la mwisho, lenye lilitoka sawa. Saa ngapi? Kuna dawa, lakini ina masaa yake. Yakipita haisaidii, inaweza kumuua. Nataka saa."

Wifi, mimi najua Mama Zighe alifungua mlango saa ngapi. Najua mke wa pasta alinunua nini juzi. Najua za stesheni, za sokoni, za nyumba zisizo zangu. Na neno la mwisho la mume wangu silijui. Nilisimama pale kichwa kimetoka upepo. Alisema kitu kwa chai? Ama ile ilikuwa juzi? Aliuliza sukari? Malapa zikaanguka. Sista akanishika mabega yote mawili. "Usiogope. Wewe ni mtu wa kuongea. Leo asubuhi ulikuwa unaongea nini na yeye?"

Na mimi nikasema, "Makochi."

Ndiyo ikatoka. Makochi, "wacha watu," na wakati anasema hivyo kengele ya shule ilikuwa inalia, maana mkokoteni ulisimama watoto wavuke barabara, na Mama Zighe alikuwa anagombana na mwenye mkokoteni asikwaruze miguu ya kochi. Kengele ya kwanza ni saa mbili kasorobo. Sista akatazama saa ya ukutani, ilikuwa saa nne na nusu imepita kidogo. Akahesabu na vidole. Akaniuliza mara mbili, "Una hakika? Lilitoka sawa? Halikuvutika?" Nikamwambia lilitoka sawa kabisa, lilinikera kama siku zote.

Akasema, "Bado tuko ndani ya masaa." Akakimbia.

Wakampiga picha ya kichwa kwa mashine. Daktari akaja akaniambia ni damu imeganda kwa mshipa wa kichwani, imeziba njia. Presha. Akaniuliza kama alikuwa na dawa za presha. Wifi, alikuwa nazo. Aliandikiwa mwaka jana, akazimeza mpaka akasikia yuko sawa, zingine ziko kwa kopo la majani ya chai. Mimi ndio niliziweka hapo. Nilisema ni za siku akiumwa. Basi nakuomba, wewe na Mama mpimwe. Hiyo kitu inatembea kwa damu yenu. Usiniambie Mama anameza, mtazame akimeza, uone koo likishuka.

Walimpa ile dawa kwa mshipa. Daktari alisema inaweza kufungua, na inaweza kuvujisha damu huko ndani, lakini bila hiyo hakuna njia. Nikaweka kidole kwa wino kwa karatasi yao ya kukubali, kuandika jina kungewachelewesha. Sasa ni kungoja. Bado yuko huku huku emajensi, kwa chumba cha pembeni cha wenye kuangaliwa karibu. Wakesho yuko njiani na treni kutoka Mombasa. Nimemwambia baba yake ameanguka kidogo. Sikumwambia ni nini.

Leo asubuhi alifungua macho, akaniangalia. Nilimfunga vifungo vya shati. Mkono wa kulia haujasonga. Neno hakuna. Tangu saa sita amelala tena, na sijui kama ni kulala.

Sista Mwende alikuja na kikombe cha chai akaketi na mimi hapa dakika mbili. Nikamwomba msamaha kwa ile kelele ya laini. Akacheka, akasema amezoea. Akaniambia, "Mama, mimi siangalii nani alifika kwanza. Naangalia nani hawezi kungoja. Mtu akinipigia kelele najua pumzi iko, damu iko, kichwa kinafanya kazi. Mimi naogopa yule amenyamaza."



Sasa wifi nimekuwa kama kichaa wa hili benchi. Siwezi kukaa na mtu amenyamaza. Amekuja baba mmoja hapa, ametulia, anatazama chini, nikamgusa nikamuuliza, "Unaitwa nani?" Akaniambia jina. "Inua mikono." Akainua! Maskini, alifikiri mimi ni daktari. Kumbe ameleta bibi yake kujifungua, anangoja. Watu wamecheka na mimi nikacheka. Lakini kila huo mlango ukifunguliwa nasimama. Sista mwingine ametoka saa hii na sahani ya chuma, nikasimama. Mlinzi ameniambia, "Mama, utachoka." Nimemwambia wacha nichoke.

Na jambo moja nikwambie, usimwambie mtu. Mimi siogopi kukaa na mtu wa mkono mmoja. Nitamfunga kamba za viatu, nitaziba hizo pancha mimi mwenyewe, si nimezitazama miaka yote. Siogopi hata kumlisha. Naogopa ile nyumba mimi nikiongea peke yangu. Nimalize hadithi halafu hakuna mtu wa kuniambia niwache watu. Sasa nitajuaje imeisha? Nita

Ngoja. Sista Mwende amesimama mlangoni, anaangalia benchi. Ananiangalia mimi. Ananiita na mkono.

"Mama Wakesho! Wewe wa kuongea!"

Uso wake siwezi kuusoma, wifi, hajacheka na hajanuna. Nimemuuliza kutoka hapa, "Ni nini?" Anasema njoo. Anasema, "Tumemwita hafungui macho. Njoo uongee na yeye. Leo uongee mpaka mimi nikwambie basi. Sauti yako labda ataijua."

Nimemuuliza niongee nini, anasema chochote, mama, haraka.

Karatasi namwachia mama wa chai, kaa na Mama karibu, mshike mkono ukimwambia. Naenda nimpe ya makochi, yote tangu mkokoteni mpaka godoro, na nikifika pale patamu nitanyamaza nisikie kama ataniambia wacha wa